Mchezaji wa Sita

Gofu ya vyuo vya Marekani ina hesabu moja niliyoishi nayo miaka 18. Timu husafiri na wachezaji watano, na kila raundi huhesabiwa alama za wanne waliofanya vizuri zaidi, yaani waliopiga mikwaju michache zaidi. Aliyeharibu siku hiyo, kadi yake huwekwa kando, na kesho anaanza upya. Ni hesabu yenye huruma kwa hao watano. Wa sita haimjui. Yeye amefanya mazoezi yale yale, ameamka saa zile zile, amebeba mfuko wa fimbo wenye uzito ule ule, na siku ya safari anabaki bwenini.

Nilikuwa kocha mkuu wa gofu, timu ya wanaume na ya wanawake, katika chuo kidogo cha kanisa jimboni Kansas, tangu 2006 hadi nilipong'atuka 2024. Watu wakisikia kocha wa gofu hudhani kazi yenyewe ni kunyoosha mikono ya mchezaji na kumwelekeza namna ya kuzungusha kiuno. Hilo lipo, lakini ni sehemu ndogo. Kijana wa miaka 18 anafika chuoni akiwa na mwalimu wake wa tangu utotoni, na mkono wake umeshashika njia. Kazi kubwa ilikuwa kugawa. Nafasi tano kwa watu tisa. Fedha za ufadhili ambazo hazikutosha hata nusu yao. Na mimi mwenyewe, mtu mmoja, kwa wachezaji watano waliotawanyika kwenye mashimo 18.

Kugawa nilikuona kwanza Mombasa. Nimezaliwa Likoni, na nikiwa na miaka 13 nilikuwa navuka feri asubuhi kwenda kwenye ule uwanja wa mashimo 9 wa Kizingo, ukingoni mwa bahari, kubeba mifuko ya wachezaji. Tulikuwa makedi ishirini na kitu, na siku za kazi wachezaji hawakufika kumi. Aliyetugawa alikuwa mzee mmoja. Alikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, akiita jina unakwenda. Usipoitwa mpaka adhuhuri unarudi kwenu mikono mitupu. Mzee yule alikuwa na tabia ambayo utotoni sikuifahamu maana yake. Akishamaliza kugawa, hakuondoka. Alibaki pale benchini na sisi tuliokosa, akatuuliza kwetu kuko vipi, mama amepona, skuli wanadai kiasi gani. Siku nyingine alituma mahamri na strungi tukala pamoja naye. Wale waliopata mifuko hakuwafuata, kwa kuwa hao tayari walikuwa na shughuli yao.

Pale pale ndipo nilipojifunza upepo. Kusi ikikaza, mpira unaopigwa kuelekea baharini unasimama hewani kama umeitwa jina, kisha unaanguka. Kaskazi ni nyepesi zaidi lakini ina hila, inabadilika ukiwa umeshainua fimbo. Kedi anayeujua upepo hukosi kumwita, hata mzee akiwa amechoka. Mmoja wa wachezaji niliowabebea ndiye aliyenisaidia kujaza fomu, na mwaka 1996 nikaenda Marekani, kwanza chuo cha miaka miwili, kisha cha minne. Nilicheza nafasi ya nne au ya tano. Kwa msimu mzima mmoja nilikuwa wa sita. Ungedhani mtu aliyewahi kuachwa atajua namna ya kuacha wenzake. Sikujua.

Ilikuwa masika ya 2008. Tulicheza raundi nne za mchujo sisi kwa sisi, na vijana wawili wakalingana kwa nafasi ya tano, kila mmoja mikwaju 308. Hapo uamuzi ni wa kocha. Nilimchukua mwenye kupiga mbali zaidi, kwa sababu uwanja tuliokuwa tunakwenda huko Oklahoma ulikuwa mrefu. Nilichapa majina matano, nikabandika karatasi kwenye mlango wa ofisi usiku, nikaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri nilifika kwenye maegesho kuwasha vani. Barafu nyembamba ilikuwa imetanda kwenye kioo. Yule wa sita alikuwa amesimama nyuma ya gari, amevaa glavu za sufu. Nikadhani hajaiona karatasi, na tumbo likanikata. Kumbe alikuwa ameiona. Alikuja kusaidia kupakia. Wenzake walipofika alipokea mfuko mmoja mmoja, akaipanga vizuri, vichwa vya fimbo vikitazama ndani visigongane, akafunga mlango wa nyuma, akaupiga kofi mara mbili kama tunavyofanya tukiruhusu gari liondoke. Nilimwambia asante, nikaingia kwenye usukani. Kwenye kioo nilimwona amesimama pale pale, mikono mfukoni, mpaka tulipokata kona.

Wiki iliyofuata nilikuta fulana yake ya timu kwenye kiti changu, imefuliwa, imekunjwa. Alimaliza masomo yake vizuri, lakini hakutuchezea tena.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, na bado naona sikukosea kumchagua mwenzake. Kosa langu lilikuwa ile karatasi. Kijana aliyelingana na mwenzake kwa mikwaju 308 alistahili kulisikia jina lake likitoka mdomoni mwangu, hata kama ni kwa kuambiwa hapana. Tangu siku hiyo niliweka utaratibu ambao sikuuvunja: wa sita ndiye anayeambiwa kwanza, kabla ya yeyote kati ya watano, ana kwa ana, na anaambiwa kwa hesabu. Sikumwambia mtu "bado kidogo" au "wewe una moyo". Nilimwonyesha mikwaju yake aliyopoteza ndani ya yadi mia kutoka shimoni, nikamwonyesha ya mwenzake, nikakaa kimya mpaka aseme yake. Wengine walikasirika. Mmoja aliniambia nimemwonea, na nilipozirudia hesabu usiku niliona alikuwa na haki. Safari iliyofuata alikwenda yeye.

Historia ya kazi hii huandikwa kwa vikombe. Dave Williams wa Chuo Kikuu cha Houston, ambaye alikuwa mwalimu wa uhandisi kabla ya kuwa kocha, alitwaa mataji 16 ya NCAA, shirikisho kuu la michezo ya vyuo vya Marekani, kati ya 1956 na 1985, na namheshimu sana. Lakini kila nikisoma idadi hiyo nawaza vijana waliobaki Houston siku za safari, ambao kwingine wangekuwa wa kwanza. Nani aliwaambia, na kwa maneno gani? Hilo haliandikwi popote.

Fedha nazo zina wa sita wake. Wazazi wengi, wa Marekani na wa kwetu, wanaamini kwamba kijana akijua gofu vizuri anasomeshwa bure. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza la NCAA iliruhusiwa ufadhili kamili 4.5 tu, ya wanawake 6. Ndiyo, nne na nusu, kwa timu nzima. Daraja la tatu halina hata mmoja wa michezo. Sisi tulikuwa NAIA, shirikisho la vyuo vidogo, ambako kikomo kilikuwa 5, na chuo chetu kilimudu fedha za watu watatu. Hizo nilizikatakata kwa vijana tisa: huyu robo ya karo, yule theluthi, yule vitabu tu. Nilikaa kwenye meza za jikoni za watu Nebraska na Missouri, mama ameshika kalamu, baba amekunja mikono, nikataja dola 6,000 kwa mwaka huku najua karo ni mara nne ya hizo. Nilijifunza kuitaja namba mapema, kabla ya kahawa. Kocha anayesubiri mpaka familia imempenda mtoto wake kwenye fulana ya chuo, ndipo aseme kiasi, anawafanyia watu ubaya.

Mwaka 2014 simu ilitoka nyumbani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Ami, nasikia huko una nafasi za kusomesha watu."

Alikuwa mtoto wa kaka yangu mkubwa. Alikuwa akicheza Nyali, na hendikapu yake, namba inayopima uwezo wa mchezaji na ikiwa ndogo ndiyo bora, ilikuwa 11. Wa tano wangu mwaka ule alikuwa na 3. Nilimwambia hivyo hivyo, nikamweleza maana yake: mikwaju minane kila raundi, na raundi tatu kila mashindano. Kukawa kimya, kisha kaka akachukua simu. Aliongea polepole, na hilo ndilo lililonichoma. "Wewe ulishikwa mkono na mtu hata humjui ukoo wake," akasema. "Mtoto wa damu yako umshindwe?"

Sikuwa na jibu ambalo lingemridhisha. Fedha za timu hazikuwa zangu. Zilikuwa za vijana walioziingilia jasho, na ningempa mpwa wangu theluthi moja kulikuwa na mtu mwenye jina na sura ambaye ingebidi nimnyang'anye. Nilimlipia mtoto chuo cha ufundi pale Mombasa kutoka mfukoni mwangu, mwaka wa kwanza wote. Kaka hakunipigia simu kwa muda mrefu. Tulikuja kuzungumza tena 2016, kwenye arusi ya dada yetu, tumekaa ukumbini na sahani za pilau mapajani, tukaanza na habari za mvua. Mpwa sasa ni fundi wa mitambo ya baridi, na Jumamosi bado anacheza.

Siku ya mashindano kocha hana la kufanya, hivyo ndivyo watu wanavyoona. Kwenye gofu ya kawaida mchezaji haruhusiwi kushauriwa na mtu ila kedi wake. Vyuoni kocha anaruhusiwa, ndiyo maana utawakuta wengi wetu tumesimama kwenye mashimo mafupi, yale ambayo mtu hufika kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo, kwa mkwaju mmoja. Pale ndipo neno moja linaokoa mikwaju miwili. Siku ya kwanza kwa kawaida ni mashimo 36 kwa miguu, mfuko begani au kwenye kikokoteni cha kusukuma, tangu alfajiri hadi giza. Kansas upepo haulali. Nilikuwa nachuma majani, nayaachia, natazama yanakokwenda usawa wa kifua, kisha natazama vilele vya miti, kwa sababu mpira hauendi usawa wa kifua. Hilo nililitoa Kizingo.

Miaka ya mwanzo nilikimbilia anayeumia. Kijana akipoteza mipira miwili, naacha kila kitu namfuata, na yeye akiniona nakuja, mabega yanazidi kupanda. Ilinichukua muda kuona kwamba kuna mchezaji anayemhitaji kocha na kuna anayehitaji kocha asionekane. Binti mmoja kutoka kusini mwa Texas, mkimya, aliniomba kwa adabu kabisa: "Kocha, mimi nikiharibu, nenda kwa mwingine. Nikiwa nacheza vizuri, ndipo uje." Akicheza vizuri ndipo hofu ilipomshika. Nilimsikiliza, na msimu ule alipunguza karibu mikwaju mitatu kwa raundi. Sikumgusa hata kidole cha mshiko wake.

Wakati mwingine nikichoka kutembea nilimkumbuka Casey Martin, mchezaji wa gofu wa Marekani. Maradhi ya mzunguko wa damu mguuni yalimfanya kila hatua iwe mateso, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba ana haki ya kutumia kigari kwenye mashindano ya kulipwa. Baadaye akawa kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, akiwafuata vijana wake kwa kigari, na 2016 timu yake ikatwaa ubingwa wa taifa kwenye uwanja wa nyumbani, Eugene.

Kuna jioni moja ya Septemba ambayo siwezi kuiacha. Tulikuwa tumemaliza mashimo 36 na tuko kwenye mkahawa wa kando ya barabara kuu. Nilikuwa na desturi ya kumpa kila mchezaji karatasi aandike mikwaju yake yote, shimo kwa shimo, wakati chakula kinapikwa. Kijana wa mwaka wa kwanza, miaka 19, alikuwa anaandika raundi ya pili. Kalamu ikasimama. Akahesabu kwa vidole chini ya meza, akahesabu tena. Kisha akanisukumia karatasi, kidole kwenye shimo la 13.

"Kocha, hapa nimepiga tano."

Kadi aliyotia sahihi ilisema nne. Mchezaji mwenza aliyemwandikia alama alikosea, naye akasaini bila kusoma. Hakuna mwingine duniani aliyejua.

Nilitoka nje nikampigia simu msimamizi wa mashindano. Kanuni haina mlango wa nyuma: ukisaini kadi yenye alama pungufu kuliko ulizopiga, umetolewa kwenye raundi hiyo. Alama zake, 75 za kweli, zikafutwa. Waliobaki walikuwa na 74, 76, 79 na 86, na sasa hakukuwa na wa kuwekwa kando. Tukasoma 315 mahali pa 304. Nilirudi mezani nikawaambia. Kijana alikuwa anatazama sahani. Yule mwenye 86 ndiye aliyeongea, kwa sauti ya chini: "Nisamehe. Ningejua inahesabiwa ningejikaza zaidi."

Kila Agosti nilikuwa nimewahadithia habari za Roberto De Vicenzo wa Argentina. Aprili 14, 1968, siku aliyotimiza miaka 45, alisaini kadi ya Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, iliyomwandikia 4 kwenye shimo la 17 alipopiga 3. Alama ikizidi, kanuni inaiacha ilivyo, kwa hiyo akahesabiwa 66 badala ya 65, na Bob Goalby, ambaye wangelingana naye, akachukua taji. Nilikuwa naisimulia hadithi hiyo kwa madoido, vijana wanatikisa vichwa, tunaendelea. Lakini siku ile ya Septemba, kijana wangu alipokuwa kwenye meza ya kadi, mimi nilikuwa shimo la 16 nikimsubiri mchezaji wetu bora. Baada ya hapo kila mgeni wa mwaka wa kwanza nilisimama mita chache kutoka kwake akisoma kadi yake kwa sauti, shimo la 1 hadi la 18, kabla ya kuishika kalamu. Wa kwanza wa timu alinisubiri.

Machi 2020 msimu ulikatwa kwa sababu ya korona. Niliwaita kwenye ukumbi wa mazoezi, tumekaa mbalimbali, na wanne kati yao walikuwa wa mwaka wa mwisho. Baadaye wakaruhusiwa mwaka mmoja zaidi wa kucheza, jambo la haki kabisa, na watatu wakarudi. Basi 2021 nilikuwa na wachezaji 13 kwa nafasi tano. Kila safari nilifanya mazungumzo manane kabla ya kwenda. Sijawahi kuchoka kama mwaka ule, na nadhani sijawahi kuwafahamu vijana kama mwaka ule.

Sasa mambo yamegeuka tena. Kuanzia msimu wa 2025-26, kwa vyuo vya daraja la kwanza vilivyoingia kwenye mapatano ya kesi ya malipo ya wanamichezo, kikomo cha ufadhili kimeondolewa, na badala yake timu ya gofu isizidi wachezaji 9. Vyuo vyenye uwezo vinaweza kuwalipia wote tisa. Nafurahi kwa hao tisa. Ila kocha kijana aliyenipigia simu majuzi kuniuliza ushauri hakuuliza habari za fedha. Ana watu kumi na moja, na aliuliza aanze vipi na wale wawili. Nilimwambia awaambie yeye mwenyewe, wakiwa wamekaa, na awe na muda baada ya hapo. Asipange mkutano mwingine saa inayofuata.

Safari yangu ya mwisho ilikuwa Aprili 2024. Wa sita alikuwa kijana wa mwaka wa pili, amekosa kwa mkwaju mmoja. Nilimwambia jana yake kwenye mkahawa wa chuo, akanisikiliza, akamaliza mkate wake, akauliza vani inaondoka saa ngapi. Nikamwambia hakuna haja.

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa pale, amevaa kofia ya sufu, anapanga mifuko. Watano wakaingia. Niliuacha ufunguo kwenye kiti, nikateremka na chupa ya chai ya tangawizi na vikombe viwili, tukasimama nyuma ya gari. Nilimuuliza kwao kuko vipi. Akaniambia baba yake amefunga duka mwezi uliopita na hakutaka watoto wajue, na yeye amejua kwa mama. Akaongea, nikammiminia tena. Tuliondoka saa kumi na moja na dakika ishirini na tano.